Kwanza Kiti, Kisha Adabu

Jumapili, misa ikiisha katika parokia ya Bujora, karibu na Mwanza, familia nyingi hurudi nyumbani kula, na chache zenye uwezo hupitia Kisesa kwenda Mwanza mjini kutafuta sato wa kuchoma kando ya ziwa. Mtoto wa miaka mitatu akiingia mgahawani ameshika kanga ya mamaye, macho ya meza za jirani humfuata. Akidondosha kijiko watu huguna, akilia, hutazamana. Hakuna amfukuzaye, kwa kuwa kumfukuza mtoto penye chakula ni aibu kwetu, lakini ujumbe humfikia mama: mlete akishapata adabu. Kauli hiyo huonekana kuwa jambo dogo la desturi. Mimi naiona ni kauli ya kifalsafa, tena ya kidini, kwa kuwa imebeba dai zito kuhusu mtu na wenzake: kwamba mtu sharti astahili kwanza, ndipo akaribishwe. Nashikilia kinyume chake. Mtoto mdogo ana haki ya kuketi mezani pamoja na watu kabla hajajua kuketi, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kulijua jambo hilo. Adabu ya mezani ni tunda la kukaribishwa. Anayeidai mlangoni kama kiingilio anadai kitu ambacho hupatikana ndani tu.

Aristotle aliliona fumbo hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Alisema mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Maana yake ni kwamba kila mwanafunzi wa tabia njema huanza kwa kufanya vibaya jambo ambalo baadaye atalifanya vizuri, na hulifanya vibaya mbele ya watu. Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliwakumbusha Watanzania kwamba kutokuwapo kwa shule zamani hakukuwa na maana ya kutokuwapo kwa elimu: watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa. Wanazuoni wa Kiislamu wamelisema hilo kwa habari ya chakula hasa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoeleza malezi ya mtoto katika kitabu chake cha Ihya, alianza na ulafi wa chakula, akataka mtoto afunzwe kula kwa mkono wa kulia, asiharakishe, asiwakodolee macho walaji wenzake. Mafunzo ya namna hiyo hayawezekani kwa mtoto anayekula peke yake, maana atamkodolea nani macho? Na katika Hadithi mashuhuri ya Umar bin Abi Salama, kijana aliyelelewa na Mtume, mkono wa mtoto ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume hakumwondoa penye chakula. Alimfundisha palepale, sahani ikiwa mbele yao: ataje jina la Mungu, atumie mkono wa kulia, ale kilicho karibu naye. Kosa lilitendeka mezani, likasahihishwa mezani, na mtoto akaendelea kula.

Ukristo una ushahidi wake, na Bujora ni mahali pazuri pa kuutazama. Parokia ile na makumbusho yake ya Wasukuma ni matunda ya kazi ya Padri David Clement kutoka Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefika huko katika miaka ya 1950. Kanisa lake la duara lilijengwa kwa kufuata nyumba ya kitemi ya Kisukuma, na sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni ikaunganishwa na Bulabo, siku za ngoma ambapo makundi mawili ya wachezaji, Bagalu na Bagika, hushindana. Fikra iliyo nyuma ya kazi hiyo ni kwamba watu hawaambiwi waache kwanza utamaduni wao ndipo waalikwe katika karamu ya Bwana. Wanaalikwa nao, kisha yanayohitaji kusafishwa husafishwa ndani. Lakini karamu hiyohiyo imekuwa na mjadala mrefu kuhusu watoto. Katika karne za mwanzo watoto wachanga walipewa Ekaristi hata katika Kanisa la Magharibi. Mtaguso wa Lateran wa mwaka 1215 uliweka wajibu wa komunyo kwa waliofikia umri wa kupambanua, na kadiri karne zilivyopita umri huo ulisogezwa mbele katika nchi nyingi hadi miaka kumi, kumi na miwili au zaidi. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliurudisha karibu na miaka saba, akataka jambo moja la msingi: mtoto autofautishe mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Waorthodoksi, ambao wana waumini wao Kagera na Mwanza pia, hawakuwahi kuiacha desturi ya zamani: mtoto aliyebatizwa leo hupokea leo, akiwa mikononi mwa mamaye.

Mtu anaweza kusema kwamba mfano huu unanihukumu, kwa kuwa Wakatoliki, walio wengi Bujora, bado wanadai umri. Ni kweli wanadai umri wa kupokea. Hawajawahi kudai umri wa kuwapo. Mtoto mchanga hubebwa hadi ndani ya kanisa, hulia wakati wa mahubiri, hutambaa chini ya benchi, na tangu siku ya ubatizo wake huhesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumba hiyo. Kinachosubiriwa ni tendo moja linalohitaji ufahamu, na hata hilo, Kanisa lilipojikagua, liliona limechelewesha watoto kupita kiasi. Wayahudi wamekwenda mbali zaidi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, mlo wa Pasaka umewekwa kwa matarajio kwamba watoto watauliza maana ya ibada hiyo, na wazazi watapaswa kujibu. Swali la mtoto, ambalo mahali pengine lingeitwa usumbufu, hapo limepewa nafasi katika ibada. Ikiwa meza takatifu kabisa zimempatia mtoto nafasi kwa namna moja au nyingine, meza ya chipsi na samaki haiwezi kujidai kuwa na heshima kubwa zaidi.

Pingamizi la kwanza linatoka katika mila. Wapo watakaosema kwamba Wasukuma wa zamani hawakuchanganya watoto na wakubwa kwenye chakula, na kwamba fikra ya mtoto kuketi na kila mtu imeletwa na mji. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Wanaume na wavulana walikula shikome, penye moto wa uani, na wanawake na wasichana na watoto wadogo walikula upande wao. Lakini tazama mpangilio huo ulifanya nini. Mvulana aliyefika shikome alikula na baba, babu, wajomba na wageni wapitao. Alisikia hadithi, mashauri na kesi za mifugo. Alijifunza kunawa baada ya wakubwa na kutowahi mboga. Msichana upande wa pili alipata shule yake. Watoto waligawanywa, hawakutengwa, na kila upande palikuwa na wakubwa wa kuwaonyesha. Sparta ya kale ilifanya jambo linalofanana: mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba wavulana walipelekwa kwenye meza za pamoja za wanaume kama wanavyopelekwa shule, wasikilize mazungumzo ya mambo ya nchi na wajifunze kutaniana bila matusi. Leo katika nyumba nyingi za Nyegezi na Buzuruga shikome haipo. Baba hula kazini, mtoto hula mbele ya televisheni. Mila haiwezi kutumiwa kumzuilia mtoto meza ya mgahawani ilhali ile ya uani, iliyokuwa yake kwa mila, tumeiondoa sisi wenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mtu aliyefanya kazi wiki nzima amelipia chakula na utulivu, kwa nini abebeshwe malezi ya mtoto asiye wake? Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika insha yake kuhusu mgogoro wa elimu, alilitia pingamizi hili nguvu. Aliandika kwamba mtoto ni mgeni duniani, anahitaji kulindwa dhidi ya ulimwengu, na ulimwengu nao unahitaji kulindwa usivurugwe na kila kizazi kipya. Aristotle mwenyewe, katika kitabu chake cha Siasa, alitaka vijana wazuiwe kutazama michezo ya vichekesho hadi wafikie umri wa kuketi na kunywa divai pamoja na watu wazima. Nakubali kwamba utulivu wa mlaji una thamani, na kwamba mzazi anayemwacha mwanawe akimbie kati ya wahudumu waliobeba supu ya moto anakosa mara mbili, kwa wageni na kwa mtoto. Lakini Arendt huyohuyo alisema kwamba wakubwa ndio wanaopaswa kumwingiza mgeni huyu katika ulimwengu na kuubebea ulimwengu huo dhamana mbele yake. Mlango wa kuingilia lazima uwepo mahali fulani, na mgahawa ni miongoni mwa milango ya upole zaidi: mtoto ana mzazi pembeni, kosa lake ni maji yaliyomwagika, na hukumu ni kitambaa cha kupangusia. Isitoshe, mgahawa ni mahali pa watu wote, na kilicholipiwa ni chakula na kiti. Ukimya kamili hauuzwi hata kwa watu wazima, na ndiyo maana tunavumilia anayepiga simu kwa sauti na meza inayoshangilia mpira. Sauti ya mkubwa tunaiita uchangamfu. Sauti ya mtoto tunaiita kukosa adabu. Anayetaka haki katika jambo hili aanze kwa kuzipima sauti zote kwa kipimo kimoja.

Pingamizi la tatu linahusu mahali penyewe. Sehemu nyingi za kula Mwanza ni baa zenye jiko, ambapo samaki na bia huletwa na mhudumu mmoja. Hapa siwezi kubishana, wala sitaki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza mwenye baa au klabu ya usiku kumruhusu mtoto kuingia, na ni sheria njema, kwa kuwa haki ya mtoto kufika mezani inakwenda pamoja na haki ya kuona mezani mambo yanayofaa kuigwa. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, lakini mkono unaomkunja uwe wenyewe umenyooka. Jibu la pingamizi hili ni kupata sehemu nyingi zaidi ambako familia inaweza kula pasipo ulevi. Kumbakiza mtoto nyumbani hakujibu lolote. Na ifahamike kwamba suala hili haliwahusu wenye fedha peke yao. Kwa mama lishe, sokoni na stendi, mtoto mara nyingi yupo tangu asubuhi kwa sababu mpishi ndiye mamaye. Wateja humpisha, humtania, humtuma chumvi, naye katika mwaka mmoja hujifunza kusalimia watu wa kila kabila. Benchi lile la mbao linaielewa hoja yangu kuliko migahawa yenye vitambaa vyeupe.

Kuna suluhisho moja ambalo limeenea na ambalo nalihesabu kuwa kushindwa: kumpa mtoto simu yenye katuni ili anyamaze. Wageni huridhika, mzazi hupumzika, na mtoto hulishwa mdomo ukifunguka wenyewe. Lakini aliyeketi hapo ni mwili tu. Hakusikia mazungumzo, hakusubiri sahani, hakumshukuru mhudumu, hakuonja asichokizoea. Amefika mezani kama alivyotoka nyumbani, na atatoka vivyo hivyo. Ikiwa kusudi la kumleta lilikuwa kumfanya mmoja wa watu, simu imelifuta kusudi hilo kwa adabu ya nje.

Wajibu basi una wenyewe, na wala si mzito. Mzazi achague saa ambayo mtoto hajachoka, amnawishe pamoja na wengine maji yanapoletwa, amweke karibu naye, na akilia kupita kiasi amtoe nje kidogo kisha amrudishe, maana kutolewa apumue si kufukuzwa. Mwenye mgahawa aweke kiti kirefu kimoja au viwili, na chakula cha mtoto kisicho na pilipili kitangulie. Mlaji wa meza ya jirani avumilie kijiko kilichoanguka kama alivyovumiliwa yeye alipokuwa mdogo. Wanafunzi wa Yesu waliwakemea watu walioleta watoto kwake, na Marko anasema Yesu alichukizwa na wanafunzi, si na watoto. Anayeenda misa Bujora asubuhi na kuikemea meza yenye mtoto mchana anapaswa kujiuliza amesimama upande gani wa habari hiyo.