"Sina Kitu, Mdogo Wangu"



Jumamosi iliyopita rafiki alinipeleka Borough Market, hapa London, soko lililo ubavuni mwa kanisa kuu la Southwark. Si soko la nyanya za mafungu hili. Kuna jibini za Ufaransa na Italia, mafuta ya zeituni, na zafarani inayouzwa kwa gramu. Ua moja la zafarani hutoa nyuzi tatu tu, nazo huchumwa kwa mkono. Basi, bei ina sababu yake.

Nikachagua kipande cha jibini. Nilipotoa simu nilipe, nikakuta jibu nililomwandikia mdogo wangu asubuhi. Aliniomba nauli ya kurudi chuoni. Nilimjibu: "Sina kitu, mdogo wangu." Kumbe ninacho!

Je, ni dhambi kula kitu kizuri cha gharama? Sidhani. Kule Kana, divai ya Yesu ilikuwa bora kuliko ya mwanzo. Na Maria wa Bethania alipompaka Yesu marhamu ya thamani ya dinari 300, aliyelalamika kwa jina la maskini alikuwa Yuda, mwizi wa mfuko.

Lakini Mt. Gregori Mkuu, na baadaye Mt. Thoma wa Akwino, wanafundisha kwamba ulafi si kujaza tumbo tu. Kuna kula kabla ya wakati, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, kutaka vya gharama, na kutaka kila kitu kwa madoido. Kwa hiyo hata kwa kipande kidogo mtu anaweza kuwa mlafi.

Maria alitoa kitu cha thamani kwa ajili ya mwingine. Mimi nilijiwekea mwenyewe, halafu nikadanganya. Jibini haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye lile neno "sina".

Nikairudisha, nikatuma nauli na kuomba radhi. Akajibu: "Asante kaka, nilikuwa nakuombea upate." Jamani! Jioni ile nikaenda kuungama.

Pengine siku moja nitainunua ile jibini, tuile pamoja na wenzangu. Ila kuanzia sasa, kabla sijasema "sina", najiuliza mbele ya Mungu: sina kweli, au nimeshajipangia mwenyewe?

Nawe jiulize leo kabla ya kulala.