Asiyecheza Kwao

Wahenga waliosema mcheza kwao hutunzwa walikuwa wamekaa kwenye ngoma nyingi. Mchezaji akikoleza, shangazi huinuka, humfuata uwanjani na kumtunza papo hapo, ngoma ikiwa bado inalia. Hangoji watu watawanyike. Lakini methali hiyo inamwacha mtu mmoja nje ya uwanja, na kwetu Lupiro mtu huyo ni mwalimu.

Mwalimu hachezi kwao. Amepangiwa. Huenda ametoka Bukoba, Tarime au Newala, na barua ya serikali ndiyo iliyomchagulia Ulanga. Kabla ya daraja la Mto Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, safari yake ilikuwa basi la Morogoro, Mikumi, Kidatu hadi Ifakara, kisha foleni ya kivuko, ndipo aikanyage ng'ambo hii asikokuwa na mjomba wala rafiki wa utotoni. Wapo walioomba uhamisho mapema, na siwalaumu, mtu hukumbuka kwao. Nawazungumzia waliobaki.

Kubaki bonde hili na kufundisha ni kushindana na mpunga. Mvua zikikolea, familia nyingi huhamia mashambani na kuishi kwenye vibanda hadi mavuno. Watoto ama wanakwenda nazo, ama wanaachwa kijijini kwa bibi, au chini ya dada ambaye naye bado ni mtoto. Shule hufunguliwa Januari, kazi za shamba zikiwa zimepamba moto. Baadaye mpunga ukianza kutoa masuke, ndege hushuka kwa makundi, na mtoto anayejua kurusha kombeo ana thamani kubwa zaidi juu ya dungu kuliko darasani. Mzazi hamzuii mtoto shambani kwa ubaya. Hata baada ya ada kuondolewa, daftari, sare na viatu bado vinatoka kwenye gunia la mpunga.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa hesabu, mama mmoja kutoka kanda ya ziwa, alinifuata shambani kwa baiskeli. Alivua viatu tope lilipoanza, akamwamkia baba shikamoo, akaketi naye chini ya dungu. Hakumtisha kwa mtendaji wa kijiji. Aliuliza palizi imefika wapi, mbegu ni ipi, ndege wa mwaka huu wakoje. Mwisho akasema, "Mzee, mpunga huu nauheshimu. Naomba unigawie siku za huyu mtoto." Wakapatana: siku kadhaa shule, siku kadhaa shamba, hadi mavuno. Siku za shule, masomo ya darasani yalipokwisha, alituketisha mimi na wenzangu barazani kwake kufidia tulichokosa.

Nikikosea, hakuanza na kiboko wala na jibu sahihi. Aliniambia nimwonyeshe nilikopita hadi nikafika pale. Tukarudi pamoja mstari kwa mstari, na mara nyingi tulikuta kwamba nusu ya njia ilikuwa nzuri. Mtoto akiambiwa kwamba nusu ya njia yake ni nzuri, kesho yake anakuja shule hata kama mvua inanyesha. Hiyo ndiyo hamasa ninayoijua mimi.

Watu hupenda kuwadharau walimu wa vijijini kama yeye. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipoamua kila mtoto aingie shule, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walipewa chaki. Mchana wakifundisha, wao wenyewe wakiendelea kusoma. Wakaitwa "walimu wa UPE", yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kwa kebehi, kama miaka mingi baadaye walivyokuja kuitwa "Vodafasta" wengine waliofunzwa haraka haraka. Naikataa kebehi hiyo kabisa. Vijijini, ama ulikuwa naye huyo, ama ulikuwa na chumba kitupu.

Na mwalimu hajui anamfundisha nani. Mwaka 1934 mtoto wa Kizanaki wa miaka kama 12 aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Miongoni mwa waliomfundisha alikuwamo James Irenge. Mtoto yule, Julius Nyerere, akaja kuwa mwalimu Tabora na Pugu, akaacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, na hata Ikulu akaendelea kuitwa Mwalimu. Jina la Irenge tunalijua kwa sababu ya mwanafunzi wake. Lakini darasa lile lilikuwa na watoto wengine, na nao walifundishwa kuhesabu na kuandika vilevile.

Hapo ndipo tunapokosea katika kushukuru. Tunadhani anayestahili kurudi kwa mwalimu ni aliyefika mbali, aliye na gari na cheo. Aliyeishia darasa la saba humkwepa mwalimu wake sokoni kwa aibu. Kaka yangu alikuwa hivyo. Ni mkulima, na mnunuzi akitaka gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, yeye anadai mzani, anapiga hesabu ya kilo kichwani, na hakubali kupunjwa. Hesabu hiyo alifundishwa na mama yuleyule. Kama hilo si tunda la mwalimu, sijui tunda ni lipi.

Tangu 1994 dunia huadhimisha Siku ya Walimu kila tarehe 5 Oktoba. Ni siku njema, ila hotuba za wakubwa hazimtoshi mtu aliyelea watoto wasio wake ugenini. Kwetu shukrani hubebwa mkononi, na hutamkwa mbele ya watu. Mwambie mwalimu wako kitu gani hasa alikufundisha, umwambie watoto wake wakisikia, maana nao walimkosa mzazi wao jioni zile alipokuwa na wewe. Tena mwambie angali kazini, kwa sababu akifika miaka 60 anastaafu, anafungasha, anarudi kwao, na namba ya simu inabadilika.

Wa kwetu alikwisharudi kwao. Ilibidi tuulize kwa walimu wenzake hadi tukampata. Kaka ametenga mchele mpya wa mavuno haya, ameupepeta mwenyewe, na ameandika jina la mwalimu kwenye mfuko kwa wino mzito. Utaondoka na basi la alfajiri kutoka Ifakara, na mtoto wa mwalimu ameahidi kuupokea stendi.