Mgeni na Msiba wa Wenyeji

Wako watu wetu wa pwani wafikao Bukoba kwa matembezi, na jambo la kwanza watakalo ni kuonyeshwa pale ndege ilipoanguka ziwani, karibu na kiwanja, tarehe 6 Novemba 2022. Walikuwamo watu 43, wakafa 19. Waliotangulia kuwafikia ni wavuvi kwa mitumbwi yao.

Je, yafaa kuutazama msiba kama mtu atazamavyo mnara? Mola wetu ametuamrisha tutembee katika ardhi tuangalie. Naam, lakini tuangalie kwa mazingatio. Ajipigaye picha akicheka, na nyuma yake amesimama mvuvi aliyebeba maiti kwa mikono yake, huyo ametazama maji tu.

Wala mimi sijitoi. Nilipokwenda Muleba mwaka uliofuata, nilimwuliza mwenyeji wangu habari za ndege kabla sijamwuliza hali ya nyumba yake. Alinijibu yote. Kisha akanyamaza, akanimiminia maji ya kunawa, akaniwekea ndizi na senene (nao ni jamii ya nzige, halali kwetu). Usiku ndipo mwanawe aliponiambia kwamba katika wale 19 alikuwamo jamaa yao.