Je, Kumuuliza Mwanamke Khabari ya Jeraha Lake ni Upekuzi?

Muuguzi mmoja wa zahanati, binti wa Kiislamu, ametuletea swali katika darsa yetu. Asema: huja mke wa mtu na mkono uliovunjika, akadai ameteleza, na mumewe amesimama kando, naye ndiye ajibuye kila aulizwalo mkewe. Je, nikimuuliza faraghani, nitakuwa nimeingia katika upekuzi uliokatazwa katika Suratul-Hujuraat?

Twajibu: La. Upekuzi ni kuifukua aibu ya mtu iliyositiriwa. Ama jeraha hili halikufukuliwa na mtu. Limekuja lenyewe mbele ya muuguzi, na mwili wa mgonjwa ni amana mikononi mwake. Kuufunga mfupa bila kujua kilichouvunja ni kutibu nusu ya maradhi.

Wala mke akisema hasengenyi. Imam Nawawi ameyataja mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa ubaya wake, na la kwanza ni mashtaka ya aliyedhulumiwa. Na Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda kusali Alfajiri, akamkuta Habiba binti Sahl mlangoni pake gizani, hakumpita. Alimuuliza ana nini. Abu Dawud amepokea kuwa mumewe alimpiga hata akamvunja. Mtume alimsikiliza, na mwisho wake wakaachana kwa khului.

Atasema mtu: na Aya ya 34 ya Suratun-Nisaa je? Wanavyuoni wamekataza pigo la kuumiza na pigo la uso. Na Bibi Aisha amesimulia kuwa Mtume hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Basi pigo lililomfikisha mke zahanati limehalalishwa na madhehebu gani?

Wala jambo hili si la nadra. Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2022 umeonyesha kuwa wanawake 34 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamepata kupigwa tangu walipotimiza miaka 15; na kwa walioolewa, atajwaye zaidi ni mume.

Alama zake ni hizi: jeraha jipya juu ya kovu la zamani, maelezo yasiyoafikiana na jeraha, kuchelewa kuja, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi yasiyo na sababu ionekanayo, na mume asiyekubali kutoka chumbani. Muuguzi azionapo, na amuulize mwanamke akiwa peke yake, wala asimtumie jamaa kuwa mkalimani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, limeagiza asikilizwe bila kulaumiwa, asilazimishwe kusema, na usalama wake uangaliwe. Asiandike khabari hiyo katika kadi itakayorudi nyumbani, isije ikamletea pigo jingine. Kisha amwonyeshe njia: Kadhi yupo, na sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na jeuri za nyumbani ipo.

Nasi masheikh tusijitoe. Ni mara ngapi mwanamke ametujia na jicho limevimba, tukamwambia, "Subiri, mama," bila kumuuliza anasubiri nini? Subira ni ibada ya aliyefikwa na msiba. Si ruhusa kwa dhalimu aendelee. Kwa kunyamaza kwetu tumemsaidia mwenye kupiga, na tutaulizwa.

Basi uliza, binti yetu, wala usiogope. Wabillahi tawfiiq.