Je, Kujiandaa Kulinda Jina Lako ni Majivuno?

Vijana wenzangu, kuna swali linanisumbua. Mtu akikaa chini leo na kupanga atajibu nini siku jina lake likichafuka, je, hayo si majivuno? Wengi wanasema mkweli hana haja ya maandalizi. Chema chajiuza, basi. Mimi sikubaliani nao.

Septemba 1982, maeneo ya Chicago, Marekani, watu walianza kufa ghafla baada ya kumeza Tylenol, dawa ya kawaida tu ya maumivu. Kuna mtu alitia sianidi ndani ya kapsuli. Walikufa watu 7, mmoja wao msichana wa miaka 12, na muuaji hajajulikana mpaka leo. Johnson & Johnson, wenye dawa, hawakuwa wametia sumu ile. Wangeweza kusema "si sisi" wakanyamaza. Lakini waliwaonya watu wasiitumie, wakasimamisha matangazo ya biashara, wakaondoa madukani chupa kama milioni 31, mali ya zaidi ya dola milioni 100.

Waliwezaje? Tangu 1943 walikuwa na ukurasa mmoja, ulioandikwa na Robert Wood Johnson, unaosema nani anatangulia: madaktari, wauguzi, akina mama na wengine wote wanaotumia bidhaa zao. Wenye hisa wako mwisho kabisa. Sawa, karatasi ukutani haiokoi mtu, hilo tunalijua. Ila miaka ya 1970 James Burke, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wakati wa sumu, aliwaita mameneja wabishane: kama hatuuamini ukurasa huu, tuung'oe. Kwangu mimi, mabishano yale ndiyo yaliyokuwa maandalizi yenyewe.

Kuna jambo dogo linanigusa zaidi. Mwanzoni kampuni ilisema hakuna sianidi viwandani mwake. Baadaye ikagundua kwamba ipo kidogo, ya kupimia ubora. Ikawaambia waandishi wa habari, ingawa ilikuwa aibu. Anayejiandaa kwa kutunga maneno matamu asingethubutu. Huyo namkubali kuwa ana majivuno. Aliyekwisha kuamua, akiwa bado ametulia, kwamba usalama wa watu unatangulia jina lake, anaweza hata kujisahihisha hadharani.

(Msidhani nawatangaza watakatifu hapa. Kampuni hiyohiyo ilikuja kushtakiwa na maelfu ya watu kuhusu poda yake. Jina jema la 1982 halikai benki.)

Tuje kwetu sasa. Fikiria mweka hazina wa kikundi cha vijana: hela za hija hazitoshi, na saa nne usiku skrinishoti zinazunguka WhatsApp. Usiku ule hakuna anayefikiri vizuri. Mwingine anafuta meseji, mwingine anaapa kwa jina la Mungu, mwingine anamtupia lawama katibu. Lakini kama daftari husomwa kila mwezi mbele ya wote, na mlishakubaliana nani atasema na kwamba waliochanga ndio wataambiwa kwanza, anachohitaji ni kulifungua tu. La kikundi chenu lilisomwa lini mara ya mwisho?