Mtaro wa Chemchemi: Nasaha kwa Vijana wa Makanisa ya Kakamega

Kaya nyingi za vijijini Kakamega bado huteka maji ya chemchemi. Mvua si haba huku, na mabonde mengi yana jicho lake la maji. Chemchemi iliyojengewa vizuri hufunikwa kwa mawe, udongo wa mfinyanzi na nyasi. Mbele huwekwa ukuta wa saruji wenye bomba, na mara nyingi ukutani huandikwa jina la mfadhili. Lakini ukuta peke yake haulindi maji. Upande wa juu wa mteremko huchimbwa mtaro wa kukinga maji ya mvua, yasije yakashuka na samadi na uchafu wa vyoo hadi kwenye jicho. Mtaro huo hujaa udongo kila msimu wa mvua. Ukisahaulika, ukuta utabaki unapendeza na jina la mfadhili litasomeka, ila watoto watakuwa wanakunywa kilichotoka zizini. Kuuzibua kunataka jembe, asubuhi moja, na mtu atakayerudi msimu ujao. Kijana wa kanisa anayetaka kujitolea aanzie kwenye neno hilo: kurudi.

Faida ya kuzijengea chemchemi imepimwa. Mwaka 2011 Michael Kremer na wenzake walichapisha utafiti wa chemchemi zipatazo 200 huku magharibi mwa Kenya. Zilipojengewa, uchafu wa kinyesi katika maji ya chemchemi ulipungua kwa takriban theluthi mbili, na kuhara kwa watoto wadogo kukapungua kwa robo hivi. Kwa mama aliyewahi kukesha na mtoto anayeharisha, robo hiyo ni kubwa kuliko mahubiri mengi. Hata hivyo, kilichojengwa hakijitunzi. Kizazi cha Harambee, baada ya 1963, kilijenga shule za sekondari kwa michango na mikono ya wazazi, na kabla yake wamisheni wa Friends, yaani Wakweka, walikuwa wameshaweka kituo Kaimosi mwaka 1902. Vijana wa leo wamerithi vilivyokwisha kusimama, na fungu lao kubwa ni kuvitunza. Kazi ya namna hiyo haina jiwe la msingi wala mgeni rasmi, na ndiyo maana inampima mtu vizuri.

Ina adabu zake pia. Chemchemi nyingi ziko katika shamba la mtu, na mila za huku zinamtaka asimzuie jirani kuteka. Huo ni ukarimu wake, kwa hiyo msimwendee vijana ishirini na majembe begani kana kwamba mmetumwa kumkagua. Watangulie wawili, wabishe hodi, waseme mulembe, salamu ya Waluhya, waombe ruhusa, na liguru, mzee wa kijiji, apewe habari. Kisha waulizwe akina mama na wasichana wanaobeba mitungi kila siku: wao wanajua maji hubadilika rangi mvua ikinyesha kiasi gani, na tope huingilia wapi. Mkisema saa mbili, mfike saa mbili. Simu zikae mifukoni, kwa sababu Kristo alionya juu ya sadaka inayopigiwa tarumbeta, na picha ya bibi kizee akiinama kuteka maji haina tofauti kubwa na tarumbeta hiyo. Wala asiulizwe mtu anasali wapi. Kwenye bomba moja hukutana Mkweka, Mkatoliki, wa Church of God, wa kanisa la African Israel Nineveh na Mwislamu. Katika habari ya Msamaria mwema tunasifu sana ile siku aliyomwinua majeruhi njiani. Tunalipita haraka lile la kumwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba atakaporudi atalipa gharama itakayozidi. Naona uzito wa habari yote uko pale.

Wapo watakaosema: kijana hana kazi, hana hata nauli, nanyi mnamwomba jasho la bure? Hoja hii ni ya haki na isijibiwe kwa aya za Biblia tu. Miaka mingi wahudumu wa afya wa kujitolea walitembea nyumba kwa nyumba nchini kwa malipo kidogo au bila chochote. Septemba 2023 ndipo serikali ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wenye vifaa na posho. Ilikuwa haki iliyochelewa. Kazi inayomla mtu siku zake zote ni ajira, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Ukuta ukipasuka, aitwe fundi na alipwe. Nanyi wazee wa kanisa, msiwafanye vijana vibarua wa bure wa kila ujenzi mkaita hilo utumishi. Ninachoomba ni asubuhi ya Jumamosi, isiyomnyang'anya fundi mkate wala kijana siku yake ya kutafuta riziki. Na kwa anayesema maji ni kazi ya kaunti, kweli, Katiba ya 2010 imeipa kaunti huduma za maji. Basi aidai kwenye vikao vya bajeti, tena ataidai vizuri zaidi akiwa amekwisha kuuona mtaro.

Hoja nyingine hutoka kanisani kwenyewe: vijana wana kwaya, wana maombi, wana mikutano ya injili. Isaya aliwajibu watu wa namna hii zamani, alipowaambia waliofunga kuwa mfungo wa kweli ni kumlisha mwenye njaa na kumvika aliye uchi. Hapa kwetu, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, viongozi wa Friends walikutana Kakamega Januari 2008 na kuanzisha timu za amani. Zilianza na misaada kwa waliofurushwa makwao, kisha zikaendelea na vikao vya kuponya majeraha ya moyo na kupatanisha majirani. Maombi yalikuwepo tangu mwanzo. Hayakuwazuia kubeba mizigo, wala mizigo haikuwapunguzia maombi.

Mvua ndefu huanza Machi. Jumamosi moja ya Februari, majembe mawili na panga la kufyekea nyasi vinatosha chemchemi moja. Kila mkubwa aende na mdogo wake wa darasa la ushirika amwonyeshe mtaro unapoanzia na maji yanakoelekezwa, maana mwakani huenda mkubwa huyo atakuwa Nairobi au Eldoret akitafuta kazi, na udongo utakuwa umejaa tena.