Pigo na Nafuu

Kila mwili hulikimbia pigo. Ni ajabu, basi, kumwona mtu mwenye kisigino kibovu akienda kwa hiari yake kupigwa papo hapo panapomuuma, kisha akatoa ada.

Tiba ya mawimbi ya mshindo ilianza na mawe. Tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich, Ujerumani, tabibu Christian Chaussy na wenzake walimtibu kwayo mgonjwa wa kwanza wa vijiwe vya figo, pasipo kisu. Huko ushahidi ulikuwa wazi: kijiwe huonekana katika picha, na kikivunjika vipande vyake hutoka na mkojo. Baadaye mawimbi yale yalihamishiwa kwenye kano za bega, kiwiko na wayo. Lakini maumivu si jiwe. Shahidi wake ni mmoja tu, naye ndiye mdai.

Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 166 wa kisigino waligawanywa kwa kura. Wengine walipata mawimbi yenye nguvu, wengine mguso hafifu mno, wala hawakujua nani kapata nini. Baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na tofauti ya maana baina yao haikuonekana. Zipo tafiti nyingine zilizoisifu tiba hii zaidi.

Je, aliyepata nafuu kwa mguso hafifu amedanganyika? Aisifuye mvua imemnyea: mtu huyu alikuwa akichechemea alfajiri, sasa anakwenda sokoni. Kumwambia kwamba nafuu yake ni ya uongo ni utovu wa adabu.

Dhambi, kama ipo, haiko kwake. Iko kwa tabibu ajuaye kwamba visigino vingi hupoa kwa muda, na muda hautozi ada, naye akanyamaza. Aghalabu hujitetea kwamba ukweli huvunja tumaini, na tumaini ni sehemu ya dawa. Hoja hiyo si nyepesi. Lakini mwenye maumivu ni mnunuzi dhaifu kuliko wote. Hawezi kujadili bei huku mguu unamwaka moto. Kumficha shaka ni kumpunja katika mizani asiyoiona.

Na akisha kuambiwa yote, pengine atanyosha mguu wake vilevile, aseme, "Piga."